Kumbe adhabu yetu ndo ilikuwa mshahara wake: kisa cha dogo wa miaka 7 na viti vinavyoanguka

Hiki kisa nimekaa nacho muda sasa. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili mtoto asijulikane na mama yake kaniruhusu niandike, kwa hiyo usianze kujiuliza ni mtoto wa nani. Tumwite Dogo tu. Miaka 7, mwembamba, mapengo mbele, mkono mmoja muda wote uko mfukoni. Mimi ni mwalimu, na juu ya vipindi vyangu nimebebeshwa ile kazi ya malezi na ushauri nasaha, yaani mtoto akimshinda mwalimu wa darasa analetwa kwangu. Nalisema mapema maana kwenye hii stori mimi mwenyewe nilikuwa sehemu ya tatizo na ilinichukua wiki mbili kuliona.

Malalamiko yalikuja hivi: Dogo anaangusha viti. Hamrushii mtu, hapana, anasimama, anashika kiti chake kwa mgongo, anakipindua, kishindo, darasa zima linalipuka kwa kicheko, mwalimu anafoka, Dogo naye anafoka zaidi, siku nyingine daftari linaruka, na mara moja alimpiga mwenzake ngumi ya mgongo. Baada ya hapo anatolewa nje analetwa ofisini kwangu. Na akifika kwangu ni malaika. Anakaa, anajibu, anasaidia kazi. Hilo ndo lilikuwa linawaumiza watu kuliko viti vyenyewe, kwa sababu kama anaweza kutulia kule kwa nini asitulie huku, si ina maana anajua anachofanya? Kuna mwalimu alinambia "huyu anasikia anachotaka kusikia". Kaa na hiyo sentensi, tutairudia.

Majina alikuwa nayo ya kutosha. Mtundu, kichwa ngumu, kadekezwa, ana mashetani, mmoja akaleta na neno la kidaktari alilolisikia sehemu. Shida ya majina ni kwamba hayakwambii kesho asubuhi ufanye nini. Ukishasema mtoto ni mkorofi umemaliza, unabaki kumsubiri akorofishe tena ili useme unaona, nilisema.

Na adhabu zilikuwa zishatumika zote. Kusimamishwa mbele ya wenzake, kunyimwa mapumziko, barua kwa wazazi, kuhamishwa kiti, hii ya mwisho alipelekwa nyuma kabisa karibu na mlango "ili akianza iwe rahisi kumtoa". Nyumbani baba alikuwa anatumia mkanda. Kila kimoja kilifanya kazi siku moja au mbili, halafu viti vikarudi kuanguka kama kawa.

Sasa kabla sijamshauri mtu yeyote kitu nilimwomba mwalimu wa darasa kitu kidogo sana, achane karatasi moja, achore mistari miwili wima apate safu tatu. Ya kwanza nini kilikuwa kinaendelea kabla, ya pili alifanya nini, ya tatu nini kilifuata. Wataalamu wa tabia wanaiita ABC, mimi naiita kabla-tabia-baada maana ndo ilivyo. Sharti moja tu, usiandike "alikuwa msumbufu", andika kile ambacho kamera ingekiona. Alimaindi kidogo, nikamwelewa, mtu ana darasa limejaa na wewe unamwongezea karatasi. Ila aliandika. Siku kumi za shule. Matukio 13.

Mistari yake ilikuwa inasomeka hivi, nakumbuka kabisa kwa sababu nilikaa nayo jioni nzima. Jumatatu, saa tatu na dakika kumi, kabla: kusoma kwa sauti kwa zamu, tumeanzia mlangoni. Alifanya: kapindua kiti. Baada: nimemtoa, kaja kwako. Jumanne, saa tatu na nusu, kabla: kusoma kwa zamu, tumeanzia dirishani. Kapindua kiti, katupa daftari. Kaja kwako. Jumatano, kabla: imla. Kiti. Kaja kwako. Alhamisi hakuna kitu, siku nzima, na pembeni mwalimu kaandika "leo tulifanya hesabu tu na kuchora".

Kati ya yale 13, kumi yalikuwa ni kusoma kwa zamu au imla. Kumi! Halafu ona muda. Wakianzia mlangoni, upande wake, kiti kinaanguka mapema. Wakianzia dirishani kinaanguka mwishoni mwishoni. Nikasema hapana hii lazima nikaione kwa macho.

Nikaenda nikakaa nyuma na daftari langu nikijifanya nasahihisha. Zamu zikaanza dirishani. Dogo alikuwa hatazami kitabu, anatazama vichwa. Ule mkono wa mfukoni ukatoka, ukaenda chini ya dawati, kidole gumba kikawa kinagusa vidole vingine kimoja kimoja, cha shahada, cha kati, cha pete, halafu kinarudi, midomo inacheza bila sauti. Kila mtoto akimaliza kusoma, kidole kinasogea. Alikuwa anahesabu watu waliobaki. Walipobaki wanne miguu ikaanza kutikisika. Walipobaki watatu akasimama, na nikajua hata kabla hajashika kile kiti. Mtoto tuliyekuwa tunasema hana umakini hata wa dakika mbili alikuwa amekaa dakika ishirini na kitu anapiga hesabu bila kukosea hata mmoja.

Hapo ndo nikarudi ofisini nikaangalia ile safu ya tatu upya. Kaja kwako. Kaja kwako. Kaja kwako. Mara 11 kati ya 13. Na akija kwangu nini kinatokea? Anapata kiti, ukimya, mtu mzima anayeongea naye uso kwa uso wakiwa karibu, na anapata stepla. Nilikuwa nampa karatasi abane kwa sababu mikono ikiwa na kazi mtoto anatulia, nikajiona mjanja kweli. Jumla yake ni kwamba mtoto akipindua kiti anaepuka kusoma mbele za watu NA anapata stepla. Ungekuwa wewe ungeacha?

Mimi ndo nilikuwa mshahara. Tuliita adhabu, tuliandika kwenye kitabu cha adhabu, ila yeye alikuwa analipwa.

Hapa nisimame kidogo maana watu wengi panawapita. Kitu kinakuwa adhabu au zawadi kutokana na kinachotokea kwenye tabia baadaye, jina ulilokipa wewe halihesabiki, ndo mantiki nzima ya yule mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner na wenzake. Ukimfokea mtoto na tabia ikaongezeka, basi kufoka kwako kunalisha, hata kama wewe unaumia koo. Na tabia ngumu za watoto ukizichambua zinakuwaga zinaleta moja kati ya mambo machache tu: kukwepa kitu, kupata watu wamwangalie, kupata kitu anachotaka, au mwili wenyewe kupata raha au nafuu. Mara nyingi zinachanganyika. Kwa Dogo ilikuwa kukwepa kwanza, na kupata mtu wa karibu kwa pili. Ndo maana kumtoa nje hakukusaidia, ilikuwa sawa na kumfukuza mtu sehemu ambayo anatafuta njia ya kutoka. Angekuwa mtoto anayetaka macho ya wenzake, kumtoa labda kungesaidia. Tabia ileile, dawa tofauti kabisa, na ndo sababu ushauri wa "mimi wangu nilimfanyia hivi akaacha" huwa naupokea kwa heshima halafu nauweka pembeni.

Sasa swali la pili, ambalo wengi wakishapata jibu la kwanza hawafikagi. Sawa anakwepa kusoma. Kwa nini? Ukijibu "mvivu" umerudi kulekule kwenye majina.

Siku moja yuko kwangu anabana karatasi, kanipa mgongo. Nikamwita kwa jina, sauti ya kawaida. Kimya. Nikaita tena. Kimya, na stepla inaendelea ta, ta, ta. Kuna ile kumdharau mtu, bega linakaza, mkono unasita kidogo, mwalimu anaijua. Hapa hakuna kilichosita. Nikagonga meza, akageuka haraka, kashtuka kabisa. Nikakaa nikaanza kuunganisha. Imla. Kukaa nyuma karibu na mlango. Yule mwenzake aliyepigwa ngumi, kwenye karatasi imeandikwa "alimgusa kutokea nyuma amwombe kifutio". Ofisini kwangu tunaongea karibu, ananiangalia mdomo, hakuna kelele, na huko ni malaika. Nikamuuliza mama yake kwa simu vitu viwili, anakoroma? Akacheka, "mwalimu anakoroma kama mtu mzima, analala mdomo wazi, anageuka usiku kucha". Na tivii? "Anaweka juu mpaka tunagombana."

Wakaenda hospitali, masikio yakapimwa. Ana maji mazito nyuma ya ngoma ya sikio, yote mawili, na nyama za pua zimekua. Hiyo hali ya maji kwenye sikio la kati ni ya kawaida sana kwa watoto wadogo, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi haiumi, hakuna usaha, hakuna homa, mtoto halalamiki kwa sababu hajui kwamba wenzake wanasikia tofauti. Sauti inamfikia kama mtu anayeongea chumba cha pili. Herufi laini kama s, f, t, k ndo zinaanza kupotea, kwa hiyo neno analipata nusunusu. Na inapanda na kushuka, akipata mafua inazidi, mafua yakiisha inapungua. Unaona sasa ile "anasikia anachotaka kusikia"? Jumatatu anasikia, Jumatano hasikii, karibu anasikia, mbali hasikii, uso kwa uso anasikia, ukiwa umegeukia ubao hasikii. Kwa mtu wa nje hiyo ni jeuri kabisa.

Na sisi tulikuwa tumempeleka nyuma mlangoni.

Ile ya kukoroma nayo si ya kuipuuza. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anatakiwa alale masaa 9 hadi 12, na Dogo alikuwa kitandani masaa tisa ila usingizi wenyewe umekatwakatwa. Mtu mzima akikosa usingizi anasinzia, mtoto mara nyingi anapanda moto, anarukaruka, hasira ziko juu juu. Kwa hiyo mtoto anaingia darasani amechoka, hasikii vizuri, sauti za herufi hajazishika kwa sababu hajawahi kuzipata vizuri, halafu anaambiwa asimame asome mbele ya watu. Mara ya kwanza aliposoma vibaya wenzake walicheka, hilo kaniambia mwenyewe baadaye sana, bila hata kuniangalia, anabana karatasi tu. Siku iliyofuata kiti kikaanguka kwa bahati mbaya, ni kweli kwa bahati mbaya, akatolewa nje. Na zamu yake ikapita. Somo alilipata siku hiyohiyo.

Sisemi kila mtoto msumbufu ana masikio mabovu, tusije tukajaza foleni hospitali bure. Nasema mwili uangaliwe kwanza: masikio, macho, usingizi, choo kigumu, meno, maumivu yoyote. Ni aibu kumfundisha nidhamu mtoto ambaye hakusikii.

Kwa upande wa matibabu daktari hakukimbilia kukata. Alisema yale maji mara nyingi yanaondoka yenyewe, wasubiri kama miezi 3 wapime tena, yasipoondoka ndo waongee habari ya kuweka vijirija vidogo kwenye ngoma ya sikio au kutoa zile nyama. Mama alikuja kwangu amekata tamaa, miezi 3 yote? Nikamwambia kusikia tunasubiri, ila tabia hatusubiri, na hata masikio yakipona kesho viti vitaendelea kuanguka maana alishajifunza kwamba vinalipa.

Wakaja wote wawili, baba na mama. Hiki kikao nilikiogopa. Mama akaanza kuelezea jioni za nyumbani: "Mwalimu, nikimwambia achukue daftari ni vita. Nasema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu nimeshapandisha, naye anapandisha, analia, anatupa kalamu, mpaka saa mbili usiku nimechoka namwambia basi nenda kalale." Nikamuuliza, ukimwambia nenda kalale anafanyaje? "Ananyamaza palepale." Na wewe unajisikiaje? Akafikiria. "Napumzika."

Hapo ndo penyewe. Kuna mtafiti mmoja wa Marekani, Gerald Patterson, alitumia miaka mingi kuangalia familia zikiwa majumbani mwao, na mduara alioueleza ndo huo huo. Mzazi anaamuru, mtoto analipuka, mzazi anarudi nyuma, kelele zinakatika. Mtoto kalipwa kwa kulipuka. Lakini na mzazi naye kalipwa kwa kurudi nyuma, kapata ukimya. Wote wawili wanafundishana kila jioni, na hakuna anayejua kwamba kuna darasa linaendelea. Nilimwambia mama hilo silisemi kumlaumu, nimekaa kwenye kiti hichohicho na stepla yangu.

Baba alikuwa kimya muda wote. Halafu akasema, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, mimi nilichapwa na nimekuwa mtu. Nyie mnamlea kwa maneno."

Ningeweza kumpa takwimu. Zipo, mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na mwenzake Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za miaka kama 50 zenye watoto zaidi ya 160,000, na kuchapwa kulienda pamoja na ukorofi zaidi na matatizo ya akili zaidi, siyo pungufu. Ila mtu aliyekuja na uchungu wa mtoto wake huwezi kumtupia namba. Nikamuuliza tu, "Baba, kwa hii habari ya viti umeshamchapa mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Na viti vimeacha?"

Hakujibu. Baadaye kidogo akauliza, "Kwa hiyo siku zote zile nikimwita akiwa nje anacheza, alikuwa hanisikii?" Nikasema siku nyingine ndiyo, siku nyingine alikuwa anacheza tu kama mtoto yeyote, na hutajua ipi ni ipi. Akashika paji la uso akakaa hivyo. Huyo baba baadaye ndo alinisaidia kuliko mtu mwingine yeyote, niseme ukweli.

Tulichofanya hakikuwa kingi. Kwanza kiti, akarudi mbele, upande ambao mwalimu anasimama zaidi, na mwalimu akajizoesha kumgusa bega au kusubiri macho yake kabla ya kutoa maelekezo. Hiyo peke yake haigharimu kitu. Kusoma kwa zamu mbele ya wote tukakusimamisha kwake kabisa kwa muda, badala yake mwalimu anamwonyesha jana yake mistari miwili atakayosoma, anaifanyia mazoezi nyumbani na baba (ndiyo, baba), halafu anamsomea mwalimu peke yake mezani. Mistari miwili, siyo ukurasa. Na mimi nikaanza naye sauti za herufi upya kabisa, uso kwa uso, dakika kumi na tano kila siku.

Halafu kadi. Hii ndo ninayoipenda. Kipande cha boksi cha rangi ya njano, saizi ya kiganja. Akikiweka juu ya dawati maana yake "nimezidiwa, naomba kupumzika", na mwalimu bila neno anamruhusu atoke akanywe maji arudi, dakika tatu. Walimu wenzangu walinirukia, si ndo unamfundisha kukwepa? Anakwepa tayari jamani! Tofauti ni kwamba saivi anakwepa kwa kiti. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba watoto waliokuwa wanafanya fujo ili waondokane na kazi ngumu au waangaliwe, wakifundishwa namna ya kuomba kitu hichohicho kwa maneno, fujo zinashuka. Unampa mtoto njia nyingine ya kufika anapotaka kufika, nyepesi kuliko ile ya kwanza, na lazima ifanye kazi mara moja kila akiitumia mwanzoni, ikikataa siku mbili tatu anarudi kwenye kiti, na atakuwa na haki. Baadaye ndo unaanza kuweka masharti, soma mstari mmoja kwanza halafu kadi.

Na stepla? Stepla tuliibakiza ila tukaigeuza. Anakuja kwangu mwisho wa siku kama amefanya kazi yake, hata siku ambayo kuna kiti kimeanguka anaweza kuja kama baada ya hapo alirudi akamalizia. Ila kiti kikianguka haji kwangu muda ule. Mwalimu anasema kwa sauti ya kawaida "nyanyua kiti, mistari yako bado ipo", anamsogezea ile mistari miwili, basi, hakuna hotuba.

Wiki ya kwanza viti vilianguka mara mbili tu tukapeana mikono. Wiki ya pili mara tisa. Tisa! Mwalimu wa darasa alikuja kwangu karibu kulia, "si nilikwambia." Nilikuwa nimemwonya lakini onyo ukilisikia ni tofauti na ukiliishi. Tabia iliyokuwa inalipa ikiacha kulipa ghafla, kabla haijashuka inaweza kupanda kwanza. Ni kama unavyobonyeza swichi taa isiwake, hauondoki, unabonyeza tena na tena, unabonyeza kwa nguvu, ndo baadaye unaacha. Wazazi wengi wanaachia hapohapo kwenye kubonyeza kwa nguvu, na mtoto anajifunza kwamba kumbe ilikuwa inatakiwa nguvu zaidi.

Na mimi niliyejua yote hayo, Alhamisi ya wiki hiyohiyo nilifanya nini? Kulikuwa na wageni wanapita madarasani, kiti kikapigwa chini kishindo cha ajabu, mkuu akaniangalia, nikamshika Dogo mkono nikaenda naye ofisini. Nikampa na stepla. Dakika arobaini. Aibu ilinizidi akili. Gharama yake tuliilipa wiki nzima iliyofuata, maana malipo ya kubahatisha ndo yanashikilia tabia kuliko malipo ya kila siku, mcheza kamari hawezi kukwambia tofauti. Nilimwomba mwalimu wa darasa msamaha. Dogo pia nilimwambia, "siku ile nilikosea, kiti hakikuleti kwangu." Akasema "sawa" kama mtu anayepokea taarifa ya hali ya hewa.

Wiki ya tano vilianguka mara mbili. Ya saba hakuna. Kadi ilikuwa inatumika mara nne tano kwa siku mwanzoni, ikashuka mpaka mara moja, siku nyingine inakaa tu pembeni ya dawati imekunjwa pembe, nadhani kujua ipo kunamtosha. Nyumbani mama alibadilisha kitu kimoja tu, anasema mara moja, akiwa karibu na amemwangalia, na kazi ni dakika kumi kwa saa ya mezani, zikiisha zimeisha hata kama hajamaliza. Kwa hiyo kumaliza kunaletwa na saa, siyo na kelele. Vita haijaisha kabisa, mama anasema imebaki "manung'uniko", na mimi manung'uniko nayakubali, hata mimi nanung'unika nikiletewa madaftari ya kusahihisha.

Alipopimwa tena sikio moja lilikuwa safi, la pili bado lina maji kidogo, wanaendelea kumfuatilia, na zile nyama za pua bado daktari anaziangalia. Kusoma yuko nyuma ya wenzake na haitaisha mwaka huu. Mwezi uliopita aliomba mwenyewe asome kwa zamu, mistari yake miwili, alisoma kwa sauti kubwa kupita kiasi kama watu wasiosikia vizuri wanavyofanya, neno moja alikosea, mtoto mmoja akacheka. Mkono ukatoka mfukoni. Wote wawili na mwalimu tuliuangalia ule mkono. Ukaenda kwenye kadi ukaigusa, haukuinyanyua, akamaliza mstari.

Jana kapindua kiti. Mwalimu wake alikuwa anaumwa, aliyeingia badala yake hakuambiwa habari ya kadi, akaiona juu ya dawati akadhani ni mchezo akaichukua akaiweka mfukoni kwake. Nimeandika maelezo ya nusu ukurasa, nimeyabandika ndani ya jalada la kitabu cha mahudhurio, na Dogo kaja na kipande kipya cha boksi tukate kadi ya akiba.